Ramani za Bellin: Jinsi ya Kuzitambua, Kuzithamini na Kuzitunza

Kwa mtu anayeanza kukusanya ramani za kale akiwa na mfuko wa kawaida, hakuna Mfaransa anayemfaa kuliko Jacques-Nicolas Bellin. Alizaliwa Paris mwaka 1703. Mwaka 1721 aliingia Dépôt des cartes et plans de la Marine, ofisi ya ramani za jeshi la majini iliyokuwa imeanzishwa mwaka mmoja tu kabla yake. Mwaka 1741 akapewa cheo cha mhandisi wa hidrografia, yaani upimaji wa bahari na pwani, wa jeshi hilo, na alipofariki Versailles mwaka 1772 alikuwa ameitumikia fani hiyo kwa nusu karne. Kazi zake ni nyingi mno, na wingi huo ndio unaoziweka karatasi zake katika bei inayofikika.

Wingi huohuo ndio unaowaponza wanunuzi. Ramani moja ya Bellin inaweza kuwa ilichapwa Paris, ikachongwa upya The Hague, ikachongwa tena Leipzig, kisha miaka 250 baadaye ikatolewa kwa mashine ya ofisini na kupakwa chai. Zote zina jina lake, na nyingi zina mwaka uleule. Anayelipia jina na mwaka anaweza kulipa mara tatu ya thamani. Bei hukaa katika mambo mawili: karatasi hii ilitoka kwenye kitabu gani, na imefika mikononi mwako ikiwa na hali gani.

Ilitoka wapi?

Karatasi nyingi zinazouzwa leo zilikuwa ndani ya vitabu. Kundi kubwa kuliko yote ni la Histoire générale des voyages, kitabu cha habari za safari cha Abbé Prévost, kilichoanza kutoka Paris kwa mchapishaji Didot mwaka 1746. Ramani zake ni ndogo na za kati: nyingine zinalingana na ukurasa wa kitabu, nyingine zilikunjwa mara mbili au tatu ili ziingie. Mikunjo kwenye karatasi ya kundi hili si kasoro. Ndivyo ilivyotoka kwa mjalidi. Ukikuta ramani kubwa ya Prévost isiyo na dalili yoyote ya mkunjo, hapo ndipo pa kuuliza maswali.

Kundi la pili ni Petit Atlas Maritime la mwaka 1764: juzuu 5, ramani 581, nyingi zikiwa za bandari, visiwa na miji. Bamba lake, yaani kipande cha shaba ambacho ramani ilichongwa juu yake, kwa kawaida lina ukubwa wa karibu sm 22 kwa 17, na kwenye kona ya juu kulia kuna namba ya juzuu na ya ramani, kwa mfano Tome III na N° fulani. Afrika na Asia zimo katika juzuu ya tatu. Kona hiyo ndiyo ya kwanza kuangaliwa, kwa sababu wauzaji wengi hawaiandiki kwenye maelezo yao ilhali inakupeleka moja kwa moja kwenye chanzo.

La tatu ni ramani kubwa za mabaharia, zilizokusanywa katika Neptune françois iliyorekebishwa mwaka 1753 na Hydrographie françoise iliyoanza mwaka 1756. Hizi zina upana wa takriban sm 85 hadi 90 na kimo cha sm 55 hadi 60, zina mistari ya dira inayokatiza bahari na namba za vina vya maji, na ziliuzwa pia moja moja kwa manahodha. Mara nyingi utakuta bei imechongwa pembeni, kama Prix Trente Sols (bei ni sols thelathini), na muhuri mdogo wa Dépôt wenye nanga.

Kuna pia ramani alizochorea vitabu vya wengine. Maarufu zaidi ni zile za Nouvelle France ya padri Charlevoix, mwaka 1744, ambamo Bellin aliweka visiwa visivyokuwepo katika Ziwa Superior. Kimojawapo, Philippeaux, kilinakiliwa na wachoraji wengine hadi kikatajwa katika mkataba wa mpaka kati ya Marekani na Uingereza wa mwaka 1783. Katika soko la ramani, kosa la aina hiyo hupandisha bei, na haliihusu kabisa hoja ya ubora wa mchoraji.

Matoleo ya kunakili

Kazi ya Prévost ilipopata wasomaji, wachapishaji wa nje walichonga mabamba yao wenyewe. Toleo la Pieter de Hondt wa The Hague lilianza mwaka 1747, na ramani zake zilisimamiwa na Jakob van der Schley. Lile la Leipzig, la Arkstee na Merkus, lilianza mwaka huohuo. Hizi ni chapa halisi za karne ya 18, si bandia, na baadhi zimechongwa vizuri kuliko za Paris. Ila ni kitu tofauti, na hazipaswi kuuzwa kama toleo la kwanza.

Kuzitofautisha ni rahisi ukijua pa kuangalia. Jina la ramani likiwa kwa Kifaransa na Kiholanzi pamoja, au ukiona J. v. Schley direx chini, ni ya The Hague. Jina likiwa kwa Kijerumani, ni ya Leipzig. Chini ya ramani ya Paris unaweza kukuta jina la mchongaji kama Dheulland au, kwenye mapambo ya fremu ya jina, yaani pambo linalozunguka jina la ramani, Arrivet. Vifupisho vya Kilatini vinavyofuata majina hayo vinaeleza kazi ya kila mmoja: sculp. ni aliyechonga bamba, inv. ni aliyebuni pambo, direx. ni aliyesimamia.

Mwaka ulioandikwa si mwaka wa kuchapwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chukua ramani ya Bellin ya pwani ya Arabuni, Bahari ya Shamu na Ghuba, ambayo wakusanyaji wa Oman na nchi za Ghuba huitafuta sana. Kwenye fremu ya jina inasema imetolewa katika ramani ya Bahari ya Mashariki (yaani Bahari ya Hindi) iliyochapishwa mwaka 1740 kwa amri ya Comte de Maurepas, waziri wa majini. Muuzaji anaona 1740 na kuandika "ramani ya 1740". Lakini 1740 ni mwaka wa ile ramani kubwa mama. Hii ndogo ni ya kitabu cha Prévost, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka 1746. Haiwezi kuwa imetangulia kitabu chake.

Kwenye ramani kubwa tatizo ni kinyume chake. Bamba la shaba lilikuwa mali ya Dépôt, likatumika kwa miongo, likirekebishwa pwani hapa na kisiwa pale, huku mwaka wa juu ukiachwa vilevile. Ziko chapa zilizotoka baada ya Bellin kufariki. Ili ujue umeshika ya wakati gani, tafuta dalili zinazobadilika. Jina la waziri wa majini aliyetoa amri ni moja: Maurepas aliondoka 1749, Rouillé alishika hadi 1754, Machault hadi 1757, Berryer kuanzia 1758 hadi 1761, kisha Choiseul hadi 1766. Jina la waziri likigongana na mwaka, bamba limeguswa. Bei iliyochongwa ni dalili nyingine: sols ni fedha ya enzi ya mfalme, na ramani yenye bei ya faranga haiwezi kuwa ya kabla ya 1795. Muhuri wenye maua ya yungiyungi ya kifalme nao haukai pamoja na Jamhuri iliyouondoa ufalme.

Neno réduite katika majina kama Carte réduite de l'Océan Oriental halimaanishi kwamba ni nakala iliyopunguzwa. Ni makadirio ya baharini ya Mercator, yaani njia ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye karatasi bapa. Muuzaji anayekushushia bei kwa kudhani ni nakala ndogo, mshukuru na ulipe haraka.

Longitudo nazo zisikuchanganye. Bellin hakupima kutoka Greenwich. Ramani zake hutumia Paris, Tenerife au kisiwa cha Ferro, na nyingine zina vipimo kadhaa pamoja, kimoja juu ya kingine. Ferro ilihesabiwa kuwa digrii 20 magharibi ya Paris, na Paris iko digrii 2 na dakika 20 mashariki ya Greenwich. Kwa hiyo Unguja, ambayo leo tunaiweka karibu digrii 39 mashariki, kwa kipimo cha Ferro itasomeka karibu 57. Ikipungua au kuzidi digrii moja au mbili, hilo ni kosa la upimaji wa wakati wake na halina uhusiano na uhalisi wa karatasi.

Anayetaka pwani yetu aangalie mipaka ya ramani kabla ya kusoma tangazo. Ramani ya Bellin ya pwani ya mashariki ya Afrika inayouzwa mara nyingi, Carte de la coste orientale d'Afrique depuis le Cap de Bonne Espérance jusqu'au Cap del Gada, kwa jina lake inaanzia Rasi ya Tumaini Jema na kuishia Rasi Delgado, kusini kidogo ya mdomo wa Ruvuma. Kuna watu wanaiuza kama "ramani ya Uswahilini". Omba picha ya ukingo wa kaskazini uone inakoishia. Ukitafuta Kilwa, Mombasa na Malindi, tafuta kwa majina ya wakati ule: Quiloa, Monbaze au Mombaza, Melinde, na Zanguebar kwa pwani nzima. Mafia huandikwa Monfia. Anayetafuta mtandaoni kwa tahajia ya leo peke yake atakosa nusu ya matangazo.

Kupima karatasi yenyewe

Vifaa ni vichache: lenzi ya kukuza mara 10, tochi ya simu, rula ya chuma, na meza safi yenye nafasi. Mikono iwe imeoshwa na kukauka. Glavu za pamba hazisaidii, maana zinakupunguzia hisi ya vidole na kingo zilizochanika hunasa kwenye nyuzi.

Anza na wino. Katika uchapaji wa bamba la shaba mchongaji huchimba mistari kwa kisu cha ncha kali, wino hujazwa ndani ya mifereji, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi yenye unyevu husukumwa humo kwa mashine yenye rola nzito. Matokeo yake wino hukaa juu ya karatasi kama ukingo mdogo ulioinuka, na mstari huanza mwembamba, hunenepa, huishia kwenye ncha. Ilaze tochi karibu na meza ili mwanga upite juu ya karatasi ukitokea pembeni. Mistari minene itatoa kivuli. Kisha weka lenzi. Ukiona vidoti vilivyopangwa kwa safu, ni chapa ya kisasa ya picha. Ukiona vumbi la vidoti vya rangi vilivyotawanyika, ni printa ya wino. Mstari uliolala bapa, kingo zake zikiwa na ukungu kidogo na mweusi wake ukiwa sawa mwanzo hadi mwisho, ni litografia, yaani chapa ya jiwe bapa, au nakala ya picha.

Halafu tafuta alama ya bamba. Ule mgandamizo uliosukuma karatasi uliacha bonde lenye umbo la mstatili kuzunguka mchoro, kwa kawaida milimita kadhaa nje ya mstari wa fremu uliochapwa kuizunguka ramani. Lipitishie kidole upande wa nyuma. Kukosekana kwake hakuthibitishi kuwa ni bandia, kwa sababu pambizo huenda zilikatwa hadi ndani ya bonde. Na kuwepo kwake hakuthibitishi uhalisi, kwa sababu watengenezaji wa nakala za mapambo hulibonyeza kwa makusudi. Bonde la bandia huwa na kona kali mno na kina kilekile pande zote nne. La kweli huwa na kona zilizolainishwa, na mara nyingi utaona wino mwepesi uliosalia kwenye ukingo wa bamba.

Sasa iinue karatasi mbele ya mwanga. Karatasi ya Ulaya ya wakati wa Bellin ilitengenezwa kwa kuchota rojo la matambara kwa chekeche ya waya, na waya hizo zinaonekana: mistari myembamba iliyobanana upande mmoja, ikikatwa na mistari mingine iliyoachana kwa takriban mm 25. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ilianza Uingereza katika miaka ya 1750, na Ufaransa haikuishika hadi mwishoni mwa miaka ya 1770. Bellin wa Prévost juu ya karatasi laini ni tatizo. Bellin mkubwa wa Dépôt juu ya karatasi laini anaweza kuwa halali, ila ni chapa ya baadaye, na bei ishuke.

Ukibahatika utaona alama ya maji, yaani alama ya mtengenezaji iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu: agizo la kifalme la mwaka 1741 liliwataka watengenezaji wa karatasi wa Ufaransa waweke mwaka 1742 kwenye alama zao, na wengi waliendelea kuuweka kwa miaka mingi baadaye. "1742" kwenye karatasi inakuambia kwamba karatasi si ya kabla ya agizo hilo. Haikuambii kwamba ilichapwa 1742.

Pima mchoro kwa rula, kutoka ukingo mmoja wa bamba hadi mwingine, ulinganishe na vipimo vya nakala iliyomo kwenye maktaba. Tofauti ya asilimia 1 au 2 isikutie hofu. Karatasi ilichapwa ikiwa na unyevu ikasinyaa ilipokauka, na kila karatasi husinyaa kivyake. Tofauti ya asilimia 5 si ya kusinyaa. Hapo una bamba jingine au nakala.

Jaribio la mwisho ndilo rahisi kuliko yote na ndilo linalokamata bandia nyingi: geuza. Doa la maji lililoko mbele lazima lionekane na nyuma. Mkunjo lazima uwe mkunjo, si picha ya mkunjo. Karatasi iliyopakwa chai au kahawa huwa na hudhurungi sawasawa kila mahali, wakati karatasi iliyokaa kitabuni huwa nyeupe katikati na kuiva kingoni, palipofikiwa na hewa.

Kwa kulinganisha, maktaba ya taifa ya Ufaransa imeweka skani za ramani nyingi za Bellin kwenye tovuti yake ya Gallica, na mkusanyiko wa David Rumsey ulioko Stanford una nyingine zinazokuzwa hadi uone mchubuko wa bamba. Fungua skani na karatasi yako pembeni, ukague vitu vitatu: herufi za fremu ya jina, mstari mmoja wa pwani yenye vighuba vingi, na namba za ukingoni. Ramani iliyochongwa upya haiwezi kurudia mstari wa pwani bila kuukosea mahali.

Rangi

Nyingi za Bellin zilitoka bila rangi. Baadhi ya nakala za Petit Atlas Maritime zilipakwa rangi wakati wake, ama kwenye mipaka tu ama pote, lakini sehemu kubwa ya rangi unayoiona leo ilipakwa karne ya 20 ili ramani ivutie ukutani. Si haramu, mradi iuzwe kwa jina lake. Muuzaji makini huandika "rangi ya baadaye". Anayeandika "rangi ya mkono" tu anakuachia ukisie.

Kijani cha zamani kilitengenezwa kwa kutu ya shaba, ambayo huila karatasi polepole. Upande wa nyuma, chini ya mstari wa kijani, utaona hudhurungi. Katika nakala zilizoteseka karatasi hupasuka kwenye mstari huo. Rangi ya kisasa haifanyi hivyo. Angalia pia kwenye mikunjo na mipasuko: rangi iliyoingia ndani ya ufa imepakwa baada ya ufa. Na rangi iliyopita juu ya karatasi ya ukarabati haihitaji maelezo.

Maoni yetu ni kwamba Bellin asiye na rangi, mwenye chapa nzito, ni bora kuliko yuleyule aliyepambwa juzi. Soko la mapambo halikubaliani nasi na mara nyingi hulipa zaidi kwa rangi. Ukinunua ili uuze, lijue hilo.

Hali, na makato yake

Chapa yenyewe kwanza. Shaba ni laini, na kila mara bamba linapofutwa na kupitishwa kwenye rola mistari midogo huanza kufa. Angalia kivuli cha milima na vidoti vya fungu la mchanga. Vikiwa vimefifia wakati fremu bado nyeusi, bamba lilikuwa limechoka. Kata asilimia 15 hadi 20.

Pambizo zina uzito mkubwa. Kwenye ramani za kukunja za Prévost, upande uliogusa mshono wa kitabu huwa mwembamba tangu mwanzo, pengine milimita 3 tu, na hilo si la kukatiwa bei. Lakini karatasi iliyokatwa pande zote hadi kwenye mstari wa fremu, mara nyingi ili iingie kwenye fremu ya bei rahisi, hupoteza theluthi hadi nusu. Ikiwa namba za digrii zimekatwa, hata nusu haitoshi, iache.

Vidoa vya rangi ya kutu vikiwa vichache pembeni, asilimia 10. Vikijaa uso mzima, 30 au zaidi, na usiahidiwe kwamba "vinasafishika". Kuvisafisha ni kazi ya fundi wa uhifadhi, inagharimu kuliko karatasi yenyewe, na dawa kali huacha karatasi imekufa, nyeupe isiyo na uhai. Kivuli cha wino, yaani mchoro uliojibandika kinyume upande wa pili ramani ilipokuwa imekunjwa, ni wa kawaida. Kikiwa hafifu usikate kitu. Mpasuko kwenye makutano ya mikunjo uliozibwa nyuma kwa karatasi ya Kijapani, asilimia 5 hadi 10. Mpasuko uliozibwa kwa selotepu ni jambo jingine kabisa: gundi yake huingia ndani, hugeuka ya kahawia na haitoki yote. Ramani iliyobandikwa kwenye kadibodi kwa gundi au iliyopitishwa kwenye plastiki ya moto, usiinunue hata kwa bei ya chakula cha mchana.

Tundu za wadudu hazina shida zikiwa kwenye pambizo. Zikipita kwenye fremu ya jina, jadili.

Kuipa bei

Kwa ukadiriaji wa jumla, karatasi ndogo ya Bellin kutoka Prévost au Petit Atlas inayoonyesha sehemu isiyo na ushindani huuzwa madukani kati ya dola 60 na 250. Ramani kubwa za Dépôt huanzia dola mia kadhaa na kupita elfu moja zinapogusa Karibi au Amerika Kaskazini. Sababu ya tofauti ni wanunuzi. Kisiwa cha Karibi kina watalii, wenye nyumba za likizo na wakusanyaji wa Marekani wanaokigombania; kipande cha pwani ya Guinea, kilichochongwa na fundi yuleyule wiki ileile, kina wachache. Kwa mkusanyaji wa Afrika hiyo ni nafuu, na hakuna sababu ya kuiharibu kwa kulipa bei ya kisiwa cha Karibi kama Martinique.

Usiithamini karatasi kwa bei zilizotundikwa madukani, kwa sababu hizo ni bei za kutumainiwa. Tafuta bei za minada zilizokwisha lipwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, umepata mauzo matano ya ramani ileile, toleo lilelile: euro 40, 55, 60, 70 na 180. Soma maelezo ya ile ya 180. Utakuta iliuzwa pamoja na nyingine mbili, au ilikuwa na rangi ya zamani. Iweke kando. Katikati ya nne zilizobaki ni karibu euro 58, hiyo ndiyo bei ya nyundo. Mnunuzi hakulipa 58. Aliongezewa ada ya mnada, ambayo kwa kawaida huwa kati ya asilimia 20 na 30. Kwa asilimia 25 inakuwa kama 72. Karatasi yako ina pambizo zilizopunguzwa kiasi, kata asilimia 20, na mpasuko uliozibwa vizuri, kata 10. Umebaki na karibu euro 50. Kama muuzaji wa duka anataka 110 kwa karatasi hiyohiyo, hajakuibia: amelipa pango, amekupa hati na haki ya kurudisha. Akitaka 300, ama ana kitu usichokijua ama anakutafuta.

Kumbuka kuna thamani tatu za karatasi moja, na kila moja ina matumizi yake. Ya bima ni ile ya kununua nyingine dukani. Ya soko ni ile ya mnada. Ya kumuuzia dalali ni nusu au theluthi ya bei atakayoiuzia yeye. Anayekupa "cheti cha thamani" bila kusema ni thamani ipi amekupa karatasi nyingine ya kutundika.

Maswali kabla ya kulipa

Omba picha nne: mbele yote, nyuma yote, fremu ya jina kwa karibu, na karatasi ikiwa mbele ya dirisha. Uliza vipimo vya bamba, si vya fremu ya mbao. Uliza kama imewahi kubandikwa, kuoshwa au kupakwa rangi. Uliza ilitoka wapi.

Swali la mwisho si la adabu tu. Mwaka 2005, katika maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, mfanyakazi aliona wembe sakafuni, na dalali mmoja wa ramani aliyeheshimika akakamatwa. Baadaye alikiri kuiba karibu ramani 100 kutoka maktaba mbalimbali. Kwa hiyo, ukiona muhuri wa maktaba, tafuta muhuri wa pili unaoonyesha kwamba iliondolewa kihalali. Ukiona sehemu iliyokwanguliwa, ambako karatasi imekuwa nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, rudi nyuma. Ukingo mmoja uliokatwa kwa wembe, ukiwa mweupe na mpya wakati mitatu mingine imeiva, ni sababu nyingine ya kuuliza.

Ukiletewa juzuu nzima ikiwa na ramani zake zote, usiivunje. Hesabu ya ramani moja moja itaonekana tamu, lakini Petit Atlas kamili hazizaliwi tena. Ukiinunua Ulaya, ujue pia kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya hudai kibali cha kutoa nje ramani zilizochapwa zaidi ya miaka 200 iliyopita zikifikia thamani ya euro 15,000. Karatasi moja haitafika huko, lakini atlasi nzima inaweza.

Forodhani, vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 vina kundi lao la kimataifa la ushuru, namba 9706. Mwombe muuzaji aliandike kwenye ankara pamoja na mwaka wa kuchapwa. Asiandike "bango" wala kushusha bei ili "kukusaidia": kifurushi kikipotea, bima italipa kilichoandikwa. Karatasi ndogo isafirishwe ikiwa bapa kati ya mbao mbili ngumu. Kubwa izungushwe juu ya bomba lenye kipenyo cha sm 10 au zaidi, kisha bomba hilo liingizwe ndani ya jingine. Kuisokomeza ndani ya bomba jembamba huivunja kwenye mikunjo yake ya zamani.

Kuitunza, hasa pwani

Vitabu vya uhifadhi hushauri unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam mara nyingi hupita 75, na ukungu huanza kuota karibu na 65. Huwezi kuibadilisha hali ya hewa, lakini unaweza kuchagua ukuta. Usitundike ramani kwenye ukuta wa nje wa nyumba ya mawe ya matumbawe, kwa sababu mawe hayo huvuta unyevu na chumvi. Ukuta wa ndani, kati ya vyumba viwili, ndio salama. Weka vipande vya kizibo nyuma ya fremu kwenye kona za chini ili hewa ipite.

Ramani isiguse kioo. Unyevu ukitonesha ndani, wino na karatasi hunata kwenye kioo na kuvitenganisha ni kazi ya fundi. Tumia kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha, unene wa mm 2 au zaidi, na uishikishe ramani juu tu kwa vipande viwili vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Ikishikwa pande zote itavimba msimu wa masika, ikose pa kupanukia, ikunjamane. Mwambie fundi wa fremu hivyo kwa maneno, kisha ukae pale aifanye mbele yako, maana mkono wake utatafuta selotepu wenyewe.

Mwanga usizidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwangaza) kwa ramani yenye rangi, na jua la moja kwa moja lisiifikie saa yoyote ya siku. Kioo cha kuzuia miale ya UV husaidia lakini hakigeuzi dirisha kuwa kivuli. Zisizotundikwa zilazwe bapa kwenye droo, kila moja ndani ya bahasha ya poliesta iliyo wazi upande mmoja, na droo ifunguliwe mara moja kwa mwezi kutafuta mchwa na mende. Nyuma ya kila karatasi, kwenye pambizo ya chini, andika kwa penseli laini ya 2B: toleo, namba ya juzuu, tarehe ya kununua na uliyenunua kwake. Usiandike kwa kalamu ya wino, na usibonyeze.